Kufaulu na Kuchaguliwa

Mtoto wa Kiafrika aliyesoma Tanganyika wakati wa Mwingereza hakuhitaji kungoja darasa la saba ili ajue kama masomo yake yamekwisha. Alijua akiwa darasa la nne. Shule nyingi za vijijini ziliishia hapo. Wachache waliochujwa waliingia shule za kati, darasa la tano hadi la nane, na huko nako walingojwa na mtihani mwingine wa kuwachuja tena. Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na sisi zetu, na chujio la kwetu ndilo lililokuwa na matundu madogo kuliko yote.

Marehemu baba yangu alikomea la nne. Aliandika barua nzuri kwa mwandiko uliolala upande wa kulia, na kwa ajili ya mwandiko huo alipata kazi ya karani wa mizani katika chama cha ushirika cha pamba, huku kwetu Kanda ya Ziwa. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima. Wakulima wa Usukuma walikuwa wameanzisha vyama vyao mwanzoni mwa miaka ya 1950, akina Paul Bomani wakiwa mbele, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Baba aliaminiwa na wanaume watu wazima kuwapimia jasho lao la mwaka mzima. Hata hivyo, kila alipoulizwa habari za elimu yake, hadi anafariki, alijibu kwa neno moja: niliangushwa. Hakusema nilisoma hadi la nne, wala nilimaliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna mtu alimwangusha kwa mikono.

Nimeanza na baba kwa sababu mabishano yetu ya miaka mingi juu ya mitihani huendeshwa kana kwamba jambo lenyewe ni la kitaalamu tu, la alama na madaraja. Nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 40 na nimeyasikia mabishano hayo katika vikao vya walimu, katika mikutano ya vijiji na ndani ya mabasi. Mara chache nimesikia mtu akiuliza swali ambalo wakulima wa pamba waliliuliza mapema kabisa: mizani hii inapima nini, na kwa faida ya nani?

Tuitazame historia kidogo. Mitihani ya sekondari ilikuwa ya Cambridge. Watahiniwa wa Tanganyika walifanya mtihani wa kidato cha nne wa Cambridge kwa mara ya kwanza mwaka 1947, na ule wa kidato cha sita mwaka 1960. Maswali yalitungwa Uingereza na majibu yalisafirishwa kwenda kusahihishwa huko huko. Baada ya Uhuru kazi hiyo ikahamia hatua kwa hatua kwenye chombo cha Afrika Mashariki, na mwaka 1971 Tanzania ikajitoa humo. Sheria ya Bunge namba 21 ya mwaka 1973 ndiyo iliyounda Baraza la Mitihani la Taifa. Wengi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kubadilisha anayetunga maswali ni jambo moja, na kubadilisha kazi ya maswali ni jambo jingine.

Hili la pili Mwalimu Nyerere alikuwa ameligusa tangu Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaja hesabu ambayo mimi huikumbuka kuliko maneno yote mengine ya waraka ule. Kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi mwaka ule, 87 walitoka wakijiona wameshindwa, kwa kuwa hawakupata nafasi ya kuendelea. Na wale 13 waliobaki walitoka wakijiona wamestahili zawadi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kutekelezwa. Alitaka shule ya msingi ipangwe kwa ajili ya wale 87, iwe elimu iliyokamilika yenyewe, na mtihani ushushwe hadhi machoni pa serikali na pa wananchi. Kwanza tuamue mtoto ajue nini, kisha ndipo tutunge mtihani wa kuangalia kama anakijua. Sisi tulikuwa tukienda kinyumenyume.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1969, kwa hiyo ni mtoto wa waraka huo. Tulilima bustani ya shule, tulifuga kuku, tuliimba. Na mwaka 1975 tulikaa kufanya mtihani wa darasa la saba kwa hofu ile ile aliyokuwa nayo baba yangu. Tulikuwa 41 darasani. Majina yaliyosomwa yalikuwa mawili, na langu halikuwamo.

Hapa sina budi nieleze maneno mawili ambayo Kiswahili cha serikali kiliyatenga na Kiswahili cha nyumbani kikayachanganya. Barua ya wilaya ilisema wanafunzi wawili "wamechaguliwa" kujiunga na kidato cha kwanza. Haikusema kwamba 39 wameshindwa, na kwa hakika baadhi yetu tulikuwa na alama nzuri. Nafasi ndizo zilizokuwa mbili. Lakini kijijini hakuna aliyesema wawili wamechaguliwa. Walisema wawili wamefaulu na wengine wamefeli. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuketi kwenye dawati, aliniambia kwa upole, "Pole mwanangu, ni mtihani tu." Kiswahili kimelifanya neno hilo libebe karatasi ya maswali na pia msiba anaotushushia Mungu, na sijui hadi leo mama alikusudia lipi.

Sasa msomaji aone ajabu iliyofuata. Novemba 1974 chama cha TANU kilikuwa kimekutana Musoma na kuazimia kwamba kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Madarasa yangejengwa na wananchi kwa matofali yao. Walimu wangetoka wapi? Walitoka kwetu sisi tulioachwa. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa makumi ya maelfu nchi nzima, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini: tulifundisha saa za asubuhi, na saa nyingine tukafundishwa na mratibu, kwa muda wa miaka mitatu, kisha tukapelekwa chuoni kwa muda mfupi. Tuliitwa walimu wa UPE, na baadaye jina hilo likawa la dhihaka.

Nilikabidhiwa darasa la kwanza mwaka 1976. Mtihani ulikuwa umeamua kwamba sifai kuongezwa elimu, na baada ya miezi michache taifa likaamua kwamba nafaa kuitoa. Silisemi hili kwa kejeli. Shida ilikuwepo na sisi tulikuwa wa karibu. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuamini kwamba mtihani ule ulipima kichwa changu. Ulikuwa mlango mwembamba, na mlango hauwezi kukwambia aliyebaki nje ana akili kiasi gani.

Ushahidi mwingine ni mgawo wa nafasi. Katika miaka hiyo nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, na wasichana wakatengewa sehemu yao. Mtoto wa wilaya moja aliweza kuchaguliwa kwa alama ambazo katika wilaya ya jirani zingemwacha nyumbani. Walionung'unika walikuwa wengi, hasa Kilimanjaro na Bukoba, ambako misheni zilitangulia na shule zilikuwa nyingi tangu zamani. Mimi naona mgawo ulikuwa wa haki. Bila huo, nafasi chache za nchi zingekwenda kulekule zilikokwenda siku zote. Ila aliyeukubali mgawo, kama nilivyoukubali mimi, ilimpasa aache kudai kwamba aliyechaguliwa ndiye mwenye akili na aliyeachwa ni mjinga. Tuliukubali mgawo na tukaendelea kudai.

Azimio la Musoma lilijaribu kurekebisha pia upande wa sekondari. Kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya kila siku yaliingizwa katika alama za kidato cha nne na cha sita, yakawa na uzito sawa na mtihani wenyewe, na tabia na kazi za mikono zikahesabiwa. Wasomi wengi hadi leo huusifia utaratibu huu, na katika vitabu unapendeza. Mimi nimekaa ndani ya shule. Najua kalamu ya mwalimu inavyoweza kulegea kwa mtoto wa mwenyekiti, na inavyoweza kukaza kwa mtoto aliyejibu kwa ujeuri siku moja ya mwezi wa pili. Karatasi ya mtihani wa taifa ina namba, na namba haina ukoo wala dini, wala haijamletea mwalimu jogoo. Mtoto wa mjane ana sababu ya kuipenda karatasi hiyo. Kwa hiyo wanaosema mitihani yote ifutwe huwa siungani nao, ingawa huwa nakaa upande wao wa meza.

Miaka ya 1980 nitaipita upesi, maana hadithi yake ni moja. Watoto walioandikishwa kwa wingi wakamaliza kwa wingi, na sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Waliopata nafasi humo hawakufika hata kumi kwa kila 100. Wazazi wenye uwezo wakajenga au wakatafuta shule za binafsi, za makanisa na za Jumuiya ya Wazazi, twisheni ikazaliwa, na msemo "huyo ni darasa la saba tu" ukawa tusi.

Mlango ulipanuliwa baadaye sana. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia katikati ya muongo huo zikajengwa shule za kata, nyingine zikiwa na vyumba viwili, mwalimu mmoja na meza ya maabara isiyo na chupa. Nimesikia zikidharauliwa. Mimi nilimwona mtoto wa jirani yangu, ambaye babu yake na baba yake waliishia la saba, akivaa sare ya kidato cha kwanza na kwenda kwa miguu, na sikuona cha kudharau. Kwa mara ya kwanza nafasi zilikaribia kutosha. Mtihani wa darasa la saba ukabaki bila ile kazi yake ya kale, na aliyepata alama 100 kati ya 250 akahesabiwa amefaulu. Mtu angetegemea kwamba sasa ndipo ungekuwa mizani ya kweli, wa kutuonyesha mtoto anajua nini. Badala yake, kuanzia mwaka 2012 majibu yakawa ya kuweka kivuli kwenye karatasi ya kusomwa na mashine, hesabu zikiwamo. Mtoto aweza kukisia jibu la kugawanya sehemu, na mashine haimwulizi alifikaje hapo.

Uchungu wenyewe ulitokea mbele zaidi, kwenye kidato cha nne, ambako mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili hujibu mitihani kwa Kiingereza. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa mwaka 2012. Watahiniwa 240,903 walipata sifuri, zaidi ya nusu ya wote. Nakumbuka ukimya uliokuwapo siku ile katika ofisi ya walimu, wa watu waliofundisha wale watoto kusoma. Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali ikalieleza Bunge kwamba Baraza lilikuwa limetumia viwango vipya vya alama visivyobadilika, bila ule usawazishaji uliozoeleka miaka ya nyuma. Matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, na sifuri zikapungua kwa maelfu.

Nawaomba wasomaji watulie hapa kidogo. Watoto walikuwa wale wale. Karatasi walizoandika Oktoba zilikuwa zile zile. Waliokuwa na sifuri Februari wakawa na cheti baadaye, bila kujifunza hata neno moja zaidi. Wengine waliona ni siasa, wengine wakaona ni haki iliyochelewa. Mimi nilimkumbuka baba akigusa jiwe la mizani kwa kidole kabla ya kuanza kazi, kuona kama limekaa sawa. Mwishoni mwa mwaka 2013 ikatangazwa kwamba kutakuwa na daraja la tano mahali pa sifuri, watu wakacheka na kukasirika, likaachwa. Mwaka 2014 ukaja mfumo wa wastani wa alama uliowachanganya hata waajiri, na mwaka 2016 madaraja ya zamani yakarudishwa. Mtoto mmoja aliyeanza sekondari katika miaka hiyo aliishi chini ya vipimo vitatu.

Mwaka huo huo wa 2013 ulianza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zikapangwa kwa wastani wa alama za darasa la saba, ya kwanza hadi ya mwisho, wilayani na kitaifa, na zikapewa rangi: kijani kwa zilizofanya vizuri, njano kwa za kati, nyekundu kwa zilizoshindwa. Nia ilikuwa kutuamsha walimu, na wapo tulioamka. Baadhi yetu tulikuwa tumelala kweli. Lakini wastani hupatikana kwa kugawa jumla ya alama kwa idadi ya waliofanya mtihani, na hilo kila mwalimu wa hesabu analijua.

Mwaka 2014 nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule ambayo sitaitaja. Palikuwa na binti mmoja aliyesoma polepole mno. Alikuwa haoni vizuri ubaoni, na alichelewa kuanza shule kwa sababu ya kulea wadogo zake. Wiki moja kabla ya mtihani hakuonekana. Jioni nikapanda baiskeli hadi kwao. Baba yake, aliyekuwa mdogo kwangu kwa umri, aliamka kunipokea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mwalimu. Tumeambiwa na shule asijisumbue. Siku hizo mbili akae tu na ng'ombe, asije akashusha shule."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Binti alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Nilimwambia mzazi kwamba jina la mtoto limeshaandikishwa, namba yake ipo, na hakuna mtu yeyote shuleni mwenye mamlaka ya kumzuia. Nikamwambia pia kwamba siku ya mtihani nitapita kumchukua mwenyewe. Kesho yake mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa kijana, mwenye bidii, na alikuwa ameitwa wilayani mara mbili kwa ajili ya rangi nyekundu. "Mzee wangu," akaniambia, "wewe unakaribia kustaafu. Mimi watanivua madaraka." Nilimwonea huruma, na sikukubali. Binti alifanya mtihani siku zote mbili. Hakufikisha alama 100. Wastani wa shule ulikuwa ule ule wa kushindwa, na mwalimu mkuu alihamishwa. Binti ana cherehani sokoni sasa, na hati yake ya kumaliza elimu ya msingi ameitundika ukutani ndani ya fremu, karibu na picha ya harusi.

Nilidhani lile lilikuwa jambo la shule yetu tu. Baadaye wanauchumi waliochunguza mpango ule wakakuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama, ndiyo, lakini pia idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani ilipungua. Yaani mahali pengi palikuwa na mtoto anayechunga ng'ombe siku hizo mbili.

Mambo mengine yamebadilika tangu hapo. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, likisema kwamba orodha hizo zinawatangazia biashara wenye shule. Wapo waliolalamika kwamba watoto watakosa hamasa. Wengi wao, kwa kadiri nilivyowasikia, ni wenye watoto katika shule zilizokuwa zikitajwa. Mwaka huo huo majirani zetu wa Kenya walifanya kwa mara ya mwisho mtihani wao wa darasa la nane, uliokuwa umeanza mwaka 1985 na kuwatoa machozi wazazi kwa miaka 38.

Kwetu, sera mpya iliyozinduliwa Dodoma mwezi Februari 2025 inasema elimu ya lazima ni miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpango uliotangazwa, watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027, na kuingia sekondari pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Ikiwa miaka kumi ni ya lazima, basi mlango ule wa katikati hauna tena kazi ya kufungwa. Hilo ndilo lililoandikwa mwaka 1967 kwa namna nyingine, na limechukua miaka 58 kupata vyumba vya madarasa. Walimu watatosha au hawatatosha, hilo tutaliona Januari 2028 makundi mawili yatakapopiga hodi siku moja.

Mjukuu wangu yumo katika kundi hilo la kwanza. Jumamosi iliyopita nilimkuta anatoka na daftari, amevaa sare, saa moja asubuhi.

"Unakwenda wapi siku ya mapumziko?"

"Twisheni, babu."

"Twisheni ya nini? Si mmeambiwa wote mtaendelea?"

"Mwalimu amesema kuna shule nzuri na kuna shule nyingine," akajibu, na akaongeza mwendo, maana wanaochelewa huandikwa majina.